Fisi Asiyevaa Koti: Tashhisi na Michoro ya Wanyama katika Vitabu vya Watoto wa Kaskazini Mashariki ya Kenya

1. Utangulizi

Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianzisha mjini Garissa maktaba inayosafiri kwa ngamia. Ngamia hubebeshwa masanduku ya vitabu pamoja na hema, wakaongozwa hadi kwenye shule na makazi ambayo gari hupata taabu kuyafikia. Baadaye huduma hiyo ilienea hadi Wajir. Mengi yameandikwa kuihusu, na sehemu kubwa ya maandishi hayo humsifu ngamia. Anastahili sifa. Lakini mhakiki wa fasihi ana wajibu wa kuuliza swali jingine: je, masandukuni mna nini?

Makala haya yanalichukua swali hilo kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa picha. Katika vitabu vya watoto vya zamani, hasa vile vilivyotoka Ulaya au vilivyochorwa kwa kufuata mtindo wa Ulaya, mnyama husimama kwa miguu miwili, huvaa koti, hushika mwavuli na huketi kitini kunywa chai. Tumfikirie basi mtoto wa mfugaji aliyeketi mkekani, kitabu kikiwa mapajani mwake. Ndani ya kitabu yumo sungura mwenye kizibao. Nje ya hema yupo ngamia aliyeshusha mzigo, aliyekunja kwanza miguu ya mbele kisha ya nyuma, kama mtoto huyo alivyomwona akifanya tangu alipoanza kutambaa. Mtoto huyu anamjua mnyama wa nje kuliko mchoraji anavyomjua yule wa ndani. Je, picha inamwambia nini, naye anaisoma vipi?

Hoja yetu ni hii. Katika ngano za watu wa Kaskazini Mashariki, na katika ngano za Kiswahili kwa jumla, utu wa mnyama umo katika kauli yake na katika hukumu anayotoa au anayotolewa. Haumo katika vazi wala katika kusimama wima. Mchoraji anayemvisha fisi koti haongezi utu huo; anaondoa mwili ambao ngano inautegemea, na badala yake anaingiza hadithi nyingine ambayo msimulizi hakuisimulia.

2. Tashhisi ya kauli na tashhisi ya vazi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuiita tashhisi ile mbinu ya kumpa sifa za kibinadamu asiyekuwa binadamu, na kuiita hurafa ile ngano ambayo wahusika wake ni wanyama. Istilahi hizi ni sahihi, lakini zinaficha tofauti moja muhimu. Kuna tashhisi ya kauli, ambamo mnyama hubaki mnyama kwa umbo na makazi, ila amepewa ulimi, akili na nafasi katika jamii. Kuna pia tashhisi ya vazi, ambamo mnyama hupewa umbo la nje la mtu: mkao wake, nguo zake, nyumba yake na vyombo vyake. Ya kwanza ni mali ya sikio. Ya pili ni mali ya jicho. Msimulizi anaweza kuitimiza ya kwanza kwa kubadili sauti tu. Ya pili inahitaji mchoraji, na mchoraji hawezi kuchora nguo pasipo kuchagua nguo za nani.

Kiswahili chenyewe kinaelekea upande wa kauli. Sarufi yetu haimtengi mnyama na mtu mlangoni. Ingawa nomino kiboko na kifaru zina umbo la ngeli ya vitu, twasema kiboko ameingia mtoni na vifaru wamelala, kama tusemavyo mtu ameingia na watu wamelala. Hata pale upatanisho unapoyumba, huyumba kwa wote wawili: mfugaji husema ng'ombe zangu wamerudi, na mzungumzaji huyohuyo husema ndugu zangu wamerudi. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, basi, Fisi aliyeketi akashauriana na Simba si jambo linalohitaji suruali ili lisadikike. Viambishi vimekwisha kumkaribisha barazani.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Mwalimu wa Garissa hufundisha Kiswahili kwa watoto ambao wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kisomali, na kandokando ya mto Tana wako pia watoto wa Wapokomo na wa Wamunyoyaya. Kwao kitabu cha Kiswahili ni mlango wa lugha ya shule, ya soko na ya ofisi. Picha ndiyo ngazi ya kwanza ya mlango huo, kwa sababu mtoto huisoma kabla hajaweza kuyasoma maneno. Ikiwa picha inasema jambo moja na hadithi inasema jingine, mtoto hujikwaa kabla hajaingia.

3. Koti la sungura lilitoka wapi

Itakuwa si haki kuilaumu tashhisi ya vazi kabla ya kuieleza kwao ilikozaliwa. Katika miaka ya 1840, mchoraji Mfaransa J. J. Grandville aliwachora wanyama waliovaa nguo za wakubwa na wadogo wa Paris ili kuicheka jamii yake. Mwaka 1865 John Tenniel alimchora Sungura Mweupe wa Lewis Carroll akiwa na kizibao na saa ya mfukoni. Mavazi haya yalikuwa dhihaka. Msomaji aliyajua, na alijua yanavaliwa na nani na saa ngapi.

Aliyeitumia mbinu hii kwa ufundi zaidi ni Beatrix Potter, ambaye hadithi yake ya sungura Peter ilitolewa na Frederick Warne mwaka 1902. Potter alikuwa mchunguzi wa viumbe. Sungura wake wana mifupa ya sungura chini ya koti. Zaidi ya hayo, koti lenyewe ni kiini cha tukio. Peter anaingia katika bustani ya mkulima akiwa amevaa. Anapofukuzwa anapoteza viatu kwanza, kisha koti linanaswa. Mara tu anapovuliwa utu huo wa kushonwa, anakimbia na kuokoka. Nguo zake huachwa kuwa kinyago cha kutishia ndege. Hapa vazi si pambo. Ni adabu ya mama, nalo karibu limwue mwanawe. Mchoro na hadithi vinasema kitu kimoja.

Kwa Jean de Brunhoff mambo yanageuka. Katika kitabu chake cha mwaka 1931, tembo Babar anakimbilia mjini baada ya mama yake kuuawa na mwindaji. Huko ananunuliwa suti ya kijani, anajifunza adabu za mjini, kisha anarudi msituni na kufanywa mfalme. Ariel Dorfman, mwandishi wa Chile, alionyesha mwaka 1983 kwamba hadithi hii ya vazi ni hadithi ya ukoloni: anayevaa hutawala, na walio uchi hutawaliwa kwa faida yao wenyewe. Mtu anaweza kukataa baadhi ya hitimisho zake, lakini jambo moja haliwezi kukataliwa. Mwindaji aliyemuua mama na mji uliomvisha mwana ni wa upande mmoja, na kitabu hakioni ajabu.

Afrika ya Mashariki ililikabili swali la vazi mapema. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilichapisha Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Carroll iliyofanywa na E. V. St. Lo Conan Davies, na picha zake zilimwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika. Hivyo ilitambuliwa kuwa maneno hayawezi kuvuka bahari na picha zikabaki ng'ambo. Lakini kumbadilisha mtoto ni rahisi kuliko kumbadilisha mnyama. Ukimvua Elisi gauni la Kiingereza unaweza kumvika vazi la huku. Ukimvua sungura kizibao, umvike nini? Jibu ambalo halikufikiriwa vya kutosha ni kwamba pengine hahitaji kuvikwa chochote.

4. Ushahidi wa Kalila na Dimna

Jibu hilo si geni. Kitabu cha Kalila na Dimna, kilichofasiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, kina asili yake Bara Hindi, nacho ni mama wa hurafa nyingi zilizofika pwani yetu. Nakala zake za mkono zilizopambwa kwa picha zipo tangu karne ya 13. Ndani yake mbweha wawili wanajadiliana mambo ya ikulu, simba anasikiliza mashtaka, fahali anasingiziwa. Siasa yote ya binadamu imo. Hata hivyo mbweha wamechorwa wakiwa mbweha, wanaelekeana kwa miguu minne, shingo zimenyooshwa, mdomo mmoja umefunguliwa kidogo. Mtazamaji anaambiwa na mkao wa shingo kwamba hapa pana mazungumzo. Hakuna kilemba, hakuna joho.

Hadithi za ukoo huo zilikuwa Unguja muda mrefu kabla ya Edward Steere kuzichapisha mwaka 1870. Katika kisa cha Punda wa Dobi alichokikusanya, sungura anamshawishi punda arudi kwa simba, punda anauawa, kisha sungura anakula moyo na masikio yake. Simba anapouliza viko wapi, sungura anajibu kwa hoja: punda huyu hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Hukumu nzima imesimama juu ya viungo vya mwili wa mnyama. Punda aliyevaa kofia, masikio yake yamefichwa, ameuharibu utani huo kabla haujaanza.

Hata dhihaka ya kisiasa haikuhitaji cherehani. Katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, Jomo Kenyatta alisimulia ngano ya mtu aliyemkaribisha tembo aingize mkonga kibandani wakati wa mvua, tembo akaingia mzima na mwenyewe akatolewa nje. Tume ya uchunguzi inaundwa, na wajumbe wake wote ni wanyama wakubwa wenye vyeo. Wanyama hao ni serikali ya kikoloni iliyo wazi kabisa, lakini utu wao umo katika cheo, utaratibu na lugha ya tume. Kinachochekesha ni kwamba tembo abaki tembo, mwenye ukubwa wa tembo, ndani ya kibanda cha mtu.

5. Mgawo wa Simba

Tufike sasa Kaskazini Mashariki yenyewe. Miongoni mwa ngano za Wasomali zinazojulikana sana ni ile iitwayo Qayb Libaax, yaani Mgawo wa Simba. Wanyama wamepata ngamia. Simba anamwamuru fisi agawe nyama. Fisi anasema nusu ni ya mfalme, na nusu ya pili igawanywe kwa waliobaki. Simba anampiga dharuba inayomng'oa jicho. Kisha anamwamuru mbweha agawe. Mbweha anampa mfalme nyama yote, kwa mlo huu na kwa mlo ujao. Simba anapendezwa, anamwuliza nani aliyemfundisha kugawa vizuri namna hii. Mbweha anajibu kwamba amefundishwa na jicho la fisi.

Ngano hii ina ndugu wengi. Jalaluddin Rumi aliisimulia katika karne ya 13, akiwa na mbwamwitu badala ya fisi, na katika hurafa za Esopo mna jamaa yake. Lakini kwa mtoto wa Garissa ina mambo mawili yasiyopatikana kwingine.

Jambo la kwanza ni kile kinachogawanywa. Katika Rumi ni ng'ombe, mbuzi na sungura. Hapa ni ngamia. Kwa jamii ambayo kwa mila diya ya mtu mmoja huhesabiwa kuwa ngamia 100, ngamia si nyama tu. Ni mahari, ni fidia, ni ukoo; ana chapa ya ukoo huo mwilini mwake. Katika ngano hii wanaosema ni wanyama wa mwituni, naye ngamia hasemi neno. Hata hivyo yeye ndiye aliye karibu zaidi na binadamu kuliko wote waliopo, kwa sababu ndiye kipimo cha uhai wa binadamu. Mchoraji akiona lundo la nyama tu, au akinakili kutoka kitabu cha kigeni ngamia wa nundu mbili, ambaye ni wa Asia ya Kati, amekosea zaidi ya somo la sayansi. Ameifuta mizani ya ngano.

Jambo la pili ni fisi. Mwili wa fisi ni maelezo yake. Mgongo unaoteremka kuelekea nyuma, mwendo kama wa anayechechemea, kichwa kilichoinama chini ya mabega: msimulizi havitaji, kwa sababu kila msikilizaji amekwisha kumwona pembeni mwa zizi. Fisi huingia katika ngano akiwa na umbo la aliyekwisha kupigwa. Msimamishe wima umpe koti, na mgongo huo unanyooka. Mnyonge amekuwa bwana wa makamo. Dharuba ya simba inageuka kuwa ugomvi wa waungwana wawili. Methali yetu kwamba mnyonge hana haki, ambayo ndiyo maudhui ya ngano, haina tena mwili wa kuikalia.

Kuna kosa kubwa zaidi ya hilo. Katika imani za Wasomali yupo anayejulikana kwa jina la qori-ismaris, mtu ajisuguaye kwa kijiti usiku akawa fisi, na alfajiri akajirudisha kuwa mtu. Ni kiumbe wa hadithi za kutisha. Basi tayari kuna mahali katika fikra za jamii hii ambapo fisi na mtu hukutana katika mwili mmoja, na mahali hapo si pa mzaha. Fisi anayesema hatishi. Ni wa ngano. Fisi anayesimama kwa miguu miwili, mwenye mikono na vifungo vya shati, yuko katikati ya njia. Mchoraji aliyekusudia kuchekesha amechora, bila kujua, picha ya kitu kingine kabisa. Hatusemi kwamba kila mtoto ataogopa. Watoto hucheka mengi. Tunasema kwamba picha haikuingia katika uwanja mtupu. Iliingia katika lugha ya alama iliyokuwapo, ikatamka neno ambalo mwenyewe halijui maana yake.

6. Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza litasema kuwa katika mji wa Kiislamu kama Garissa suala lenyewe ni la kuchora viumbe wenye roho, wala si la koti. Ni kweli kwamba wapo wasioridhia picha hizo, na mtoto wa duksi huanza elimu yake kwa loho yenye maandishi matupu. Suala hilo lina wenyewe, nao ni wanavyuoni. Mhakiki hana fatwa. Anachoweza kukumbusha ni kwamba historia ya Kalila na Dimna inaonyesha mikono ya Waislamu ikiwachora wanyama wasemao kwa karne nyingi, na kwamba ilifanya hivyo kwa staha, pasipo kuwageuza watu. Aliye na wasiwasi juu ya picha huenda akawa na wasiwasi mkubwa zaidi juu ya umbo lililo nusu mtu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litasema kwamba tunamfungia mtoto wa mfugaji ndani ya zizi; kwamba yeye pia ana haki ya kukutana na sungura mwenye kizibao, kama mtoto wa London alivyo na haki ya kukutana na fisi. Pingamizi hili tunalikubali. Kitabu cha Potter kikifika Garissa, kifike na koti lake, kwa sababu koti hilo lina kazi, na mwalimu hodari ataeleza kazi hiyo. Lawama yetu haiwaendei wageni. Inawaendea wachoraji na wachapishaji wa huku ambao wanapokea ngano ya huku, yenye mantiki yake, kisha wanaishonea koti kwa mazoea tu, kwa kudhani kwamba kitabu cha watoto ndivyo kinavyopaswa kuonekana. Mgeni aliyevaa nguo zake ni mgeni. Mwenyeji aliyevalishwa nguo za mgeni ndiye anayehitaji kuelezwa kwake mwenyewe.

7. Hitimisho

Tokeo la uchunguzi huu ni ushauri mwepesi kuutaja na mgumu kuutenda. Kwanza, mchoraji wa hurafa aanze kwa kuisikiliza ikisimuliwa, ajue ni kiungo gani cha mnyama kinachobeba hukumu: jicho la fisi, masikio ya punda, mkonga wa tembo. Kiungo hicho kisifunikwe. Pili, kauli ya mnyama ionyeshwe kwa shingo, kwa macho, kwa umbali kati ya anayesema na anayesikia, kama walivyofanya wachoraji wa zamani wa Kalila na Dimna. Tatu, wahariri wa vitabu vya Kiswahili vinavyokusudiwa Garissa, Wajir na Mandera wasidhani kwamba Sungura ndiye mjanja wa kila mahali. Katika ngano nyingi za Kisomali ujanja ni wa dawaco, yaani mbweha, na mtoto ana haki ya kumkuta huyo akisema Kiswahili.

Kuna habari njema pia. Ngano ya Qayb Libaax ilichapishwa katika muongo wa kwanza wa karne hii huko Minnesota, Marekani, kwa Kisomali na Kiingereza, ikisimuliwa na Said Salah Ahmed kwa ajili ya watoto wa Kisomali waliokulia ugenini. Ni jambo la kufurahia, na pia la kutufikirisha. Ngano ambayo mtoto wa Garissa huisikia nyumbani ilipata kitabu cha picha ng'ambo ya bahari, katika lugha mbili, wala Kiswahili, lugha ya shule yake, si mojawapo. Kazi ya kuiandika kwa Kiswahili sanifu, na kuichora kwa jicho la mtu anayemjua fisi, ni ya idara zetu, ya wachapishaji wetu na ya wachoraji wetu.

Kitabu hicho kikipatikana, ngamia wa Garissa atakibeba pamoja na vingine. Atapiga magoti mbele ya shule, mzigo utashushwa, na mtoto atakifungua akiwa na kielelezo hai hatua chache nje ya hema. Michoro yetu ikiweza kustahimili ulinganisho huo, itakuwa imefaulu mtihani mgumu kuliko wowote ambao sisi wahakiki tunaweza kuutunga.